Mashindano ya nyumba za sola kwa wanafunzi: msafirishe nyumba, mjenge mtaani, au mbaki kwenye michoro?

Mtajie mwanafunzi wa usanifu majengo au uhandisi neno Solar Decathlon, yale mashindano ya vyuo ya nyumba za sola, uone macho yanavyowaka, ila muulize anamaanisha ipi, hapo ndo maneno yanapungua. Maana kuna timu zinasafirisha nyumba nzima kwa meli, kuna timu zinajenga kiwanja cha jirani na chuo, na kuna timu hazishiki hata nyundo, kazi yote inaishia kwenye kompyuta, na zote zinasema ziko kwenye mashindano ya nyumba za sola na wala hazidanganyi.

Hii ni kwa wale waliokwama hapo katikati. Wanafunzi watatu wanne mna wazo na mna hamu, au wewe ni mwalimu umeombwa uwe mlezi wa timu na hujui unajitia kwenye kitu gani. Sitakwambia ipi ni bora kuliko zote kwa sababu hilo swali halina jibu, jibu linategemea hela yenu, muda wenu, na kitu kimoja ambacho timu nyingi hawakifikirii mpaka wamechelewa: hiyo nyumba, mkishapiga picha na medali, itakaa wapi?

Kwanza tujue tunaongelea nini

Mashindano haya yalianzishwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, mtu aliyeyasukuma ni Richard King wa hukohuko wizarani, na mara ya kwanza yalifanyika 2002 pale National Mall, Washington, ule uwanja mrefu wa nyasi katikati ya mji. Timu 14 zilileta nyumba, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kikashinda. Vipengele vya kushindania vilikuwa kumi, ingawa vyenyewe vimebadilishwa mara nyingi. Baadae yakasambaa: Madrid 2010, Datong kule China 2013, Cali kule Colombia 2015, Dubai 2018, Benguerir kule Moroko 2019 ambayo ndo ilikuwa ya Afrika, na India nako wana ya kwao.

Katika kusambaa huko yakagawanyika makundi matatu.

La kwanza nitaliita la maonyesho. Mnajenga nyumba kwenu, mnaifungua vipande, mnaipakia, mnaipeleka kwenye uwanja mmoja ambapo timu zote zinajipanga kama kijiji, mnaiunganisha tena ndani ya siku chache, halafu watu wanaingia kuangalia huku majaji wanapima. Washington ya zamani, Madrid, Versailles kule Ufaransa 2014, Dubai, Benguerir, Wuppertal kule Ujerumani 2022, zote ni za aina hii.

La pili ni la kujenga mtaani. Nyumba inajengwa moja kwa moja mahali itakapokaa, ina mwenyewe, ina kibali, ina anwani. Nyumba haisafiri, kinachosafiri ni wanafunzi na data zao. Marekani walihamia huku 2021, na kusema ukweli korona ilichangia, maana mpango ulikuwa kurudi National Mall mwaka 2020 ikashindikana. Mwaka 2023 wakafanya tena hivyohivyo, timu zikajenga kwao halafu zikaenda Golden, Colorado, kujieleza mbele ya majaji.

La tatu ni la michoro. Hamjengi. Mnabuni jengo, mnalipigia hesabu za nishati na gharama, mnaandika ripoti, mnaitetea. Marekani walikuwa na shindano la kubuni pembeni ya lile la kujenga, na Solar Decathlon India ni ya kubuni, tena pale timu zinashirikiana na waendelezaji wenye miradi ya kweli.

Vigezo nilivyotumia kulinganisha: hela, muda na watu, mnapimwa kwa nini, mnatoka na ujuzi gani, na nyumba inaishia wapi. Uzuri wa picha sijauweka, zote zinatoa picha nzuri.

Hela

Maonyesho ndo ghali, hilo halina ubishi. Nyumba mnaijenga mara mbili, wakati mwingine tatu ukihesabu kuirudisha. Kuna lori, kuna meli kama mnavuka bahari, kuna kreni ya kushushia kwa saa, kuna bima, kuna forodha, kuna tiketi na malazi ya kikosi kizima kwa wiki kadhaa, na hivyo vyote havionekani kwenye nyumba, hakuna mgeni atakayeingia sebuleni aseme jamani mmesafirisha vizuri. Mwaka 2011 Washington waliweka kipengele cha unafuu wa bei, nyumba inayokadiriwa kugharimu dola 250,000 au chini ya hapo inapata alama zote za kipengele hicho, na watu wakafurahi kwamba sasa nyumba zitakuwa za bei ya kawaida. Sawa, lakini makadirio yale ni ya nyumba kama nyumba, meli na hoteli hazimo, kwa hiyo ukisoma kwamba timu fulani ilijenga kwa bei ndogo usije ukachukua hiyo namba ukaipeleka kwa mkuu wa chuo kama bajeti.

Zawadi nazo zisiwadanganye. Denver 2017 zilitengwa dola milioni 2 kwa jumla na mshindi wa kwanza, timu ya Uswisi, akapata 300,000. Hela nyingi, ila ile ni timu ya shule nne zilizoungana na wadhamini nyuma yao, na zawadi inakuja mwisho wakati mafundi wanataka hela mwanzo. Ukipanga bajeti kwa kutegemea zawadi umeshashindwa kabla hujaanza.

Mtaani, gharama za ujenzi zipo vilevile na pengine kubwa zaidi kwa sababu nyumba ina msingi wa kweli, bomba la maji taka la kweli, na mkaguzi wa majengo wa kweli. Tofauti ni nani analipa. Kama nyumba ina mnunuzi au shirika la makazi nyuma yake, sehemu kubwa ya hela inatoka kwenye bajeti yake ya kawaida ya kujenga nyumba, nyie mnatafuta hela ya kile cha ziada: dirisha zuri zaidi, kuta nene zaidi, betri, vipimo. Ubaya wake ni kwamba mwenye hela ana sauti. Mmechora dirisha kubwa upande wa magharibi kwa sababu mandhari ni nzuri, yeye anasema sitaki, basi hakuna dirisha (na mara nyingi anakuwa sahihi, jua la magharibi linaingia chini na ni gumu kulikinga).

Michoro ndo nafuu, mnahitaji kompyuta na muda. Programu za hesabu zipo za bure na ni za maana, EnergyPlus ya kupima nishati ya jengo na PVWatts ya kukadiria paneli zitazalisha umeme kiasi gani, zote zimetoka kwenye taasisi za nishati za Marekani na wataalamu wanazitumia kazini. Hela itawauma mkifika fainali na fainali iko mbali.

Muda na watu

Kwa maonyesho hesabuni miaka miwili, kuanzia kukubaliwa mpaka siku ya ufunguzi. Hapo ndipo penye tatizo ambalo waandaaji hawaliandiki kwenye tangazo: wanafunzi wanahitimu. Aliyechora mfumo wa umeme ameondoka, aliyebaki hajui waya wa rangi hii unaenda wapi, na nyumba inatakiwa kuunganishwa upya usiku uwanjani kwenye nchi nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huku daftari ndo kila kitu, kila boliti ipewe namba na kila badiliko la mchoro liandikwe tarehe. Watu wanaohitajika ni wengi na wa kila aina, siyo wasanifu na wahandisi tu. Mnahitaji mtu wa hesabu za fedha, wa mawasiliano, wa usalama kazini, na dereva wa forklifti pia, jamani.

Mtaani nako ni miaka miwili hivi au zaidi, ila mwendo wake ni tofauti, hamkimbizani na wiki moja ya mwisho, mnakimbizana na vibali. Kibali kikichelewa hakuna cha kufanya, huwezi kukesha ukamaliza kibali. Faida yake ni kwamba mafundi wa kawaida wanaweza kuendelea na kazi hata wanafunzi wakiwa kwenye mitihani.

Michoro inaingia ndani ya mwaka mmoja wa masomo na timu ndogo inatosha, hata wanafunzi wachache waliochanganyika fani wanaweza. Mwalimu akiwa mjanja anaigeuza kuwa sehemu ya kozi, kazi mnayofanya inahesabika kwenye matokeo yenu, na hili kwa mwanafunzi anayelipa ada siyo jambo dogo.

Mnapimwa kwa nini

Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya mambo, na ndo penye utofauti ambao watu hawauoni kwa nje.

Kwenye maonyesho vipengele viko vya namna mbili. Kuna vya majaji, yaani watu wanaingia wanaangalia usanifu, uhandisi, soko, mawasiliano, wanatoa alama kwa macho na akili zao. Halafu kuna vya vipimo, na hivi havina huruma. Wanafunga vihisi ndani ya nyumba. Mwaka 2011 joto la ndani lilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 22 na 24.4 hivi za Selsiasi na unyevu usizidi asilimia 60, huku wageni wanaingia na kutoka na mlango unafunguliwa kila dakika. Friji ibaki kwenye baridi yake, maji ya moto yatoke ya kutosha kwa muda uliopangwa, nguo zifuliwe zikauke, vyombo vioshwe, na mnatakiwa kupika chakula cha jioni mkaalike majirani zenu wa timu nyingine. Hiyo ya chakula siyo mbwembwe, kupika kunaongeza joto na mvuke ndani ya nyumba ndogo na kiyoyozi chenu kinajua hilo kabla yenu.

Na umeme wenyewe. Mashindano matatu ya mwanzo, 2002, 2005 na 2007, nyumba zilikuwa hazijaunganishwa na gridi, zilitegemea betri. Mwaka 2005 wiki ya mashindano ikawa ya mawingu na mvua, na hapo kila timu ikajifunza maana ya kuzima taa. Kuanzia 2009 wakaunganisha gridi, ukizalisha zaidi unauza, ukipungukiwa unanunua, mwisho wa wiki wanaangalia mizania. Sasa angalia kilichotokea: mwaka huohuo alama za umeme zilimpendelea anayezalisha ziada, na timu ya Darmstadt kutoka Ujerumani ikaja na nyumba iliyovikwa paneli juu na kwenye kuta, ikashinda, ikiwa mara ya pili mfululizo baada ya 2007. Mashindano yaliyofuata, 2011, sheria zikabadilika, ziada ikakosa thamani ile, ikatosha kuzalisha kadiri unavyotumia, na bei ikawa na kipengele chake. Chuo Kikuu cha Maryland kikashinda na nyumba yao WaterShed, ambayo wazo lake lilizunguka maji zaidi, kuyakusanya na kuyasafisha kwa mimea, jua likiwa kazi mojawapo tu.

Ninachotaka uone ni kwamba kitabu cha sheria kinachora nyumba kabla yenu. Mfano mwingine ni Lumenhaus, nyumba ya chuo cha Virginia Tech cha Marekani: Washington 2009 haikuingia tatu bora, mwaka uliofuata ikaenda Madrid ikawa ya kwanza. Kwa hiyo kabla hamjachora mstari wowote someni sheria za mwaka wenu mpaka kiambatisho cha mwisho, siyo za mwaka jana, na muulizane kama mnaipenda nyumba ambayo sheria hizo zinaitaka.

Mtaani vipimo vipo pia ila vinachukuliwa pale nyumba ilipo, kwenye hali ya hewa yake. Timu ya Colorado Boulder iliyoshinda 2021 ilijenga Fraser, mji wa milimani wenye baridi kali, huko nyumba ikivuja hewa unalijua usiku huohuo. Kwa hiyo hapa mnapimwa kwa jinsi nyumba inavyomfaa mtu fulani mahali fulani. Kwa mtazamo wangu hiki ni kipimo cha haki zaidi, lakini ni kigumu kulinganisha, maana nyumba ya milimani na ya jijini huwezi kuziweka kwenye mizani moja ukasema hii imeizidi ile, lazima majaji wasome maelezo, na timu isiyojua kujieleza inaumia hata kama nyumba yake ni nzuri.

Michoro inapimwa kwa hesabu na hoja. Mtaulizwa nishati ya mwaka mzima na siyo ya wiki moja, gharama, jengo litafanyaje umeme wa gridi ukikatika, hewa ya ndani, soko. Wengi wanadharau hapa, wanasema karatasi inavumilia chochote. Siyo kweli sana. Jaji mzoefu akiona matumizi ya umeme yako chini kupita kawaida atauliza umechukulia watu wangapi wanaishi humo, wanawasha nini, hewa inavuja kiasi gani, na usipokuwa na jibu umekwisha. Kile ambacho michoro haiwezi kukuonyesha ni fundi aliyesahau kuziba tundu la bomba ukutani, hilo modeli haina habari nalo.

Ujuzi mnaotoka nao

Maonyesho yanafundisha kuunganisha mambo kwa presha. Utajifunza kwamba paneli, inveta, betri, pampu ya joto na mfumo wa kuendesha vyote hivyo vinatoka kwa watengenezaji tofauti na havitaki kuongea, na una siku tatu. Utajifunza kuongea na watu pia, maana kwa wiki nzima unaeleza nyumba yako kwa mtoto wa miaka saba, kwa bibi, kwa waziri na kwa mshindani anayejifanya mgeni. Upande mbaya ni kwamba sehemu kubwa ya akili inaenda kwenye namna ya kuifungua na kuifunga nyumba, ujuzi ambao mjenzi wa kawaida hauhitaji sana, isipokuwa kama unataka kazi kwenye nyumba zinazotengenezwa kiwandani, hapo ni dhahabu. FutureHAUS ya Virginia Tech iliyoshinda Dubai 2018 ilijengwa kwa mtindo huo hasa, jiko na bafu zinakuja zimeshakamilika na waya na mabomba ndani, zinachomekwa tu.

Mtaani unajifunza kazi ilivyo. Kibali, mkaguzi, mteja, fundi anayekwambia hii haijengeki hivyo, jirani anayelalamika kelele. Hakuna jukwaa la kung'aa, na kuna siku nzima zinapita kwenye mikutano ya barabara ya kuingilia.

Michoro inafundisha kitu ambacho hayo mengine mawili hayana muda nacho, kujaribu mawazo mengi kabla ya kuchagua. Kwenye kompyuta unageuza jengo likaangalia kaskazini, unaongeza kivuli, unapunguza vioo, unaona tofauti kwa dakika chache. Anayejenga kweli anajaribu mara moja. Alafu unaweza kubuni majengo ambayo hakuna timu ya wanafunzi itakayoyajenga, shule, ghorofa, ofisi, na huko ndiko watu wengi wataenda kufanya kazi.

Nyumba inaishia wapi

Hili swali liulizeni siku ya kwanza.

Nyumba za maonyesho zina historia mchanganyiko. Zipo zilizopata maisha mazuri. WaterShed ilinunuliwa na kampuni ya umeme ya Pepco ikawekwa Rockville, Maryland. Nyumba ya wanafunzi kutoka Wellington waliokwenda Washington 2011 na kushika nafasi ya tatu ilirudishwa New Zealand. Chuo cha Wollongong cha Australia walipeleka Datong 2013 nyumba iliyoonyesha namna ya kukarabati zile nyumba za zamani za kuta nyepesi zilizojaa nchini kwao, wakashinda, na nyumba ikarudi chuoni kuendelea kutumika kwa utafiti. Na ile Empowerhouse ya vyuo vya Parsons na Stevens vya Marekani, 2011, hiyo ndo mfano ninaoupenda kuliko wote wa kundi hili, kwa sababu walishirikiana na Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu makazi, tangu mwanzo, nyumba ikatoka uwanjani ikaenda mtaa wa Deanwood hapohapo Washington ikawa makazi ya familia. Yaani walicheza maonyesho kwa akili ya mtaani.

Ila sio zote zina bahati hiyo. Nyumba ikirudi bila mwenyewe inakaa kwenye maegesho ya chuo, turubai juu, mtu wa matengenezo hayupo, betri zinakufa, na baada ya muda inakuwa stoo. Wuppertal walilifikiria hili, sheria zao zilihusu majengo ya mjini, kuongeza ghorofa juu ya jengo la zamani, kuziba nafasi kati ya majengo mawili, kukarabati, na baadhi ya nyumba zikabaki palepale kwa ajili ya utafiti. Washindi wao, RoofKIT kutoka Karlsruhe, walibuni ghorofa ya kuongezwa juu ya Café Ada ya mji uleule, wakatumia vifaa vilivyotolewa kwenye majengo mengine na kuviunga bila gundi ili siku moja vifunguliwe tena vitumike kwingine.

Mtaani swali hili limejibiwa kabla ya kuulizwa. Mshindi wa 2023, chuo cha Ball State, alijenga Alley House, nyumba ya makazi mawili huko Indianapolis, na watu wanaishi humo. Kitu kimoja tu cha kuangalia: anayeishi humo hajaingia mashindano. Mfumo ukiwa mgumu kuuendesha ataachwa nao peke yake, kwa hiyo kabla ya kuweka kompyuta ya kuamuru mapazia jiulizeni nani atapigiwa simu ikigoma.

Michoro haina nyumba, labda mpate bahati ya mshirika anayejenga kweli kama wale wa India, basi baadhi ya mawazo yenu yanaweza kuingia kwenye jengo. Mkikosa hiyo, mna ripoti na uzoefu.

Nani anafaa wapi

Maonyesho yanamfaa mwenye chuo kinachounga mkono kwa miaka miwili bila kuchoka, mwenye karakana au eneo la kujengea, na mwenye wadhamini wanaotaka kuonekana, maana wadhamini wa vifaa wanatoa zaidi pale umati ulipo. Yanamfaa pia anayetaka kusukuma teknolojia ambayo haijazoeleka, kwa sababu nyumba ya wiki mbili inavumilia majaribio ambayo familia haitavumilia.

Kujenga mtaani kunawafaa wenye uhusiano na shirika la makazi, halmashauri au mtu anayehitaji nyumba, na wenye subira. Timu inayopenda kusikiliza itafurahi hapa, inayopenda kushangiliwa itachoka mapema.

Michoro ni kwa timu mpya, timu ndogo, timu isiyo na hela, na pia kwa timu yenye nguvu inayotaka kushughulika na jengo kubwa. Watu wanaiona kama daraja la chini, mimi siioni hivyo, naiona kama kazi tofauti.

Kulingana na hali yenu

Kama mpo wachache, mnahitimu mwakani na hamna mdhamini: nendeni kwenye michoro, na mchague jengo ambalo kuna mtu mnaweza kumuuliza bili zake za umeme, hesabu zenu zitakuwa na mguu ardhini.

Kama chuo kina hamu kubwa ila hakijawahi: fanyeni michoro mwaka wa kwanza, wale wa mwaka wa pili wa masomo wawe wengi kwenye timu, halafu wao ndo wabebe mradi wa kujenga, maana mtakuwa mmeshajua nani anafanya kazi na nani anapiga picha.

Kama kuna familia au shirika tayari lina kiwanja na linataka nyumba, jengeni hapo, hata kama roho zinatamani Dubai. Kiwanja chenye mwenyewe ni kigumu kupata kuliko nafasi kwenye mashindano.

Kama mna mdhamini mkubwa anayetaka umati, nendeni maonyesho, lakini mumwombe kwenye mkataba aweke na hela ya kurudisha nyumba na kuiweka mahali pa kudumu. Akisema hilo tutaongea baadae, basi mjue hela hiyo haipo, na muamue mkiwa mnajua.

Kama mna uwezo na mnasita kati ya maonyesho na mtaani, tafuteni mtu wa kuishi humo kwanza. Akipatikana, hata maonyesho yanawezekana kwa njia ya Empowerhouse, mnabuni kwa ajili yake na uwanja unakuwa kituo cha njiani. Asipopatikana ndani ya miezi michache ya mwanzo, rudisheni mradi kwenye michoro kabla hamjaagiza mbao.

Na kama ni mwalimu unayesoma hii, kabla hujasaini ombi la wanafunzi omba majibu matatu kwa maandishi: nani atashika mradi viongozi wa sasa wakihitimu, hela ya miezi sita ya kwanza inatoka wapi, na nyumba itawekwa wapi siku ya pili baada ya kufunga mashindano. Mawili yakipatikana wape nafasi walitafute la tatu. Likipatikana moja tu, waelekeze kwenye michoro kwa mwaka huo.